Tunachora Tulipowahi Kuingia

Wanawake walivua viatu kabla ya kuikanyaga karatasi. Sikuwaambia wavue. Tulikuwa tumeunganisha karatasi nane kubwa kwa selotepu na kuzitandaza kwenye sakafu ya ukumbi wa kanisa moja pale Manyatta. Mama mmoja muuza omena, wale dagaa wa ziwani, akavua ndara zake, akaziweka mlangoni, na wengine wote wakamfuata. Kwa saa tatu walitembea juu ya mtaa wao kwa miguu mitupu, wakiinama kuchora na kuinuka wakijishika viuno.

Mimi nafundisha jiografia chuoni, upande wa Maseno, na kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa kuwauliza watu wakiugua wanakimbilia wapi. Siulizi hospitali ipi iko karibu, maana hiyo hata simu inajua. Nauliza wanapita njia gani, wanamwambia nani kwanza, nani anawashika mkono, na kwa nini wanaipita zahanati moja wakaenda kupanga foleni kwenye nyingine. Siku hiyo nilikuwa nimebeba picha ya setilaiti ya mtaa mzima, imechapishwa kwa rangi, na nilijivuna nayo kidogo. Mama wa omena aliitazama, akaigeuza juu chini, akanirudishia.

"Daktari, hii ni mabati tu," akasema. "Watu wako wapi?"

Wananiita Daktari kwa sababu ya shahada, na sijawahi kufaulu kuwaeleza kwamba shahada yangu haitibu hata chunusi. Nimeshaonyeshwa vipele vya mgongoni na meno yaliyooza, nami nimejifunza kutazama kwa makini na kusema, "Pole sana."

Katika mikutano hii nina kanuni moja tu: sishiki kalamu. Sikuitoa kitabuni. Niliipata kwa aibu, miaka ya nyuma, karibu na Sondu. Mwanamume mmoja alikuwa akichora njia anayopita akishikwa na malaria. Njia ilitoka kwake, ikaikaribia zahanati, ikaizunguka kwa mbali kupitia mashamba ya watu, ikaenda hadi kituo kingine cha afya ng'ambo ya mto. Nikadhani amekosea. Nikaichukua kalamu mkononi mwake, nikamnyooshea mstari hadi kwenye zahanati, vile ninavyomsahihisha mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Watu wakacheka hadi wakafuta machozi. Kumbe muuguzi wa zahanati ile alikuwa mama mkwe wake. Kwa Wajaluo mwanamume na mama mkwe hukaa mbalimbali kwa heshima. Hata kula mbele yake ni shida, sembuse kuinama na kuteremsha suruali achomwe sindano. Yule bwana hakucheka. Aliichukua kalamu yake taratibu, akaukata mstari wangu. Tangu siku hiyo wanaojua ndio wanaochora, na wao ndio wanaoamua kitu gani kichorwe. Mimi nakaa kwenye benchi na kufunga mdomo, jambo ambalo waliowahi kuishi nami watakuambia si dogo.

Basi Manyatta nako niliwaachia waamue. Walibishana nusu saa. Mmoja alitaka kila mlango uchorwe, wakamwuliza kama atalala hapo kanisani mpaka Krismasi, maana ploti moja ina milango kumi. Mwingine akasema zichorwe nyumba zenye wagonjwa tu, wakamwambia hiyo ni kuwaanika watu. Mwishowe mama wa omena, ambaye kalamu ilikuwa imeshampenda mkono, akakata shauri.

"Tuchore mahali tumeingia," akasema. "Kama hakuna mtu hapa ameshaingia kwa fulani, hata kama ni kuomba chumvi, tutajua aje vile anaugua?"

Wote wakakubali. Nyumba ingechorwa ikiwa kuna mtu ukumbini aliyewahi kuingia humo, awe aliitwa kwa uzazi, kwa msiba, kwa homa au kwa chumvi. Nililiandika jambo hilo kwenye daftari langu na kulipigia mistari miwili. Katika miaka yangu yote ya kazi sikuwa nimesikia kipimo kizuri kama kile. Nilikuwa nimeshaanza kuiwazia makala nitakayoiandika, na hata nilimcheka kimoyomoyo mwenzangu mmoja wa idara ambaye huchora ramani zake bila kutoka ofisini.

Sijasema bado kwamba mimi mwenyewe ninaishi mtaa huohuo. Nakaa ukingoni mwa Manyatta, pale ploti zinapokwisha na kuta zinapoanza, katika nyumba ya kupanga yenye geti la bluu. Nina miaka sita humo. Mimi ni mtu wa Taita, na Kijaluo changu ni cha kusalimia na kununua nyanya. Mume wangu tuliachana kwa amani, maana yake hatukupigana. Binti yetu yuko Kanada. Nilichagua mtaa ule kwa utafiti kwa sababu ningefika mkutanoni kwa miguu, na kwa sababu niliamini kwamba naufahamu.

Kwa hiyo kalamu ilipoanza kuelekea upande wangu, niliinuka kwenye benchi kutazama. Mama wa omena alichora mashine ya kusaga unga. Akachora kioski cha maji, akamwuliza mwenzake kama bomba bado linatoa, akaambiwa linatoa Jumanne na Ijumaa. Akachora nyumba ya fundi viatu aliyepooza, na kutoka hapo akavuta mistari mitano kwenda kwa majirani watano wanaompelekea chakula kwa zamu. Halafu akavuka pale lilipo geti langu, akachora mtaro wa maji machafu, tena kwa uangalifu, pamoja na kile kidaraja cha mbao. Kati ya mashine ya unga na mtaro pakabaki peupe.

Niliumia, na sitatafuta neno la kuyapunguza maumivu. Nilikaa nikaendelea kuandika, lakini nikisoma daftari lile leo naona mistari ya ukurasa mzima isiyo na maana yoyote. Nilikuwa nimesifu kanuni yao dakika arubaini tu zilizopita. Mkuki kwa nguruwe.

Ilinichoma hivyo kwa sababu ya Jumamosi moja, wiki tatu kabla ya mkutano. Nina presha, na presha yangu ina kiburi kama mwenyewe. Asubuhi ile nilikuwa jikoni nachemsha maji nikaona ukuta umesogea. Nilipopata fahamu nilikuwa chini, shavu kwenye simenti, na mguu wa kushoto haunisikii. Simu ilikuwa mezani sebuleni. Jua lilikuwa limeshaingia dirishani. Nje ya ukuta, hatua chache kutoka nilipolala, niliwasikia watu: mtu anapatana bei, mtu anacheka, pikipiki inapita. Nilifungua mdomo nipige kelele, na hapo ndipo nilipogundua kwamba mtu anayetaka kuomba msaada anahitaji kumwita mtu fulani. Nilimtafuta kichwani yule ambaye ningemwita na sikumpata. Ningeweza kusema "Jamani!" tu, kama watu wanavyosema. Lakini nilikuwa nimevaa kanga moja iliyochanika, sakafu ilikuwa chafu, na mimi ni Daktari. Nikafunga mdomo. Nilijikokota hadi kwenye kiti wakati wa adhana ya adhuhuri kutoka msikiti wa mbali.

Daktari wa kweli, yule wa mjini, alinibadilishia dawa, akavua miwani. "Mama, kuna mtu anayekuchungulia asubuhi?" akaniuliza. Nikamwambia yupo. Akasema safari nyingine mguu hautarudi, au mimi mwenyewe sitarudi, na kwamba ikitokea, kitu kitakachoniokoa ni mtu wa kufungua mlango mapema. Nikamwambia tena yupo.

Na ramani ile haikuwa pambo. Ilikuwa itumike kuwagawia wahudumu wa afya wa jamii nyumba za kutembelea, wale akina mama wanaopita mlango hadi mlango na begi la mgongoni lenye mashine ya presha. Nyumba isiyo kwenye ramani haina mtu wa kuibishia hodi. Kazi hiyo niliipanga mimi mwenyewe, na pendekezo la utafiti lina saini yangu.

Jumapili binti yangu alipiga simu. Akaniuliza kama niko sawa, nikamwambia niko sawa, ramani inaendelea vizuri sana, akina mama wako makini ajabu. Akasema sauti yangu imechoka. Nikasema ni mtandao. Tulipomaliza nilikaa na simu mkononi hadi kioo chake kikazimika. Nikiwa darasa la nne nilipata kumi juu ya kumi kwa kueleza kwamba afadhali jirani wa karibu kuliko ndugu wa mbali, na mwalimu akanifanya nisimame wenzangu wanipigie makofi.

Wiki iliyofuata tulikutana tena kuikagua ramani. Karatasi ilitandazwa, viatu vikavuliwa. Nilikuwa nimejiapiza kukaa kimya. Nikauliza swali ninalouliza siku zote katika hatua ile: kuna mahali tumepasahau? Waliizunguka karatasi, wakaongeza mkunga mmoja na choo cha shimo kilichobomoka, wakasema imetosha. Hapo nikafanya jambo nisilowahi kufanya tangu kule Sondu. Nikashuka kwenye benchi, nikavua viatu, nikaenda kusimama pale peupe.

"Na hapa?" nikauliza.

"Hapo ni kwako, Daktari," mama wa omena akajibu papo hapo. "Si tunajua."

Nilikuwa nimejiandalia jibu la kuwasamehe kwa kusahau. Kumbe hawakuwa wamesahau.

"Mbona basi hamkuchora?"

Hakunijibu mimi. Aliwageukia wenzake, akawauliza kwa Kijaluo, kisha kwa Kiswahili ili nisikie vizuri: "Nani hapa ameshaingia kwa Daktari?" Akangoja kweli, jicho likipita kwa kila mmoja, kama alivyofanya kwa nyumba zote. Mhudumu wa afya wa upande wetu, mwanamke mwembamba ambaye hakuwa akisema sana, akainua mkono nusu.

"Mimi nilibisha mara tatu," akasema. "Ya kwanza ukaniambia uko sawa. Ya pili ukaongea kwa dirisha, ukasema uko na bima. Ya tatu nikasoma ile kibao ya Mbwa Mkali, nikarudi."

"Mbwa alikufa," nikasema. "Mwaka juzi."

"Sasa sisi tungejua aje?"

Ukumbi ukacheka, nami nikacheka nao kidogo, kwa sababu ilichekesha. Halafu kicheko kikaniishia na nikajikuta bado nimesimama pale, miguu mitupu, kwenye nyumba yangu isiyochorwa. Nikawaambia. Sikupanga. Nikasema Jumamosi moja nilianguka jikoni, nikalala sakafuni kutoka asubuhi hadi adhuhuri, na mguu haukunisikia, na sikumwita mtu.

Walikasirika. Nilitegemea pole, nikapata hasira. Mmoja akauliza ni kichwa gani hicho cha mtu kufa na mdomo uko. Mwingine akasema watu wa Pwani wana maringo, na sikumkosoa kwamba Taita ni milimani, si ufukweni. Mama wa omena peke yake hakupiga kelele. Aliifunika kalamu.

"Ni Jumamosi gani?" akauliza.

"Ile stima ilipotea siku nzima."

Akakaa chini, palepale juu ya karatasi. "Hiyo siku nilikuwa hapo nje kwa ukuta yako," akasema. "Jumamosi mimi huuza hapo. Nilisikia kitu imeanguka. Kitu nzito. Nikanyamazisha hata customer nisikie kama kuna mtu ataita. Hakuna mtu aliita. Nikasema, aa, hapo si kwa mtu wa kuuliza." Akajipangusa mikono kwenye leso, ingawa haikuwa na kitu. "Nikaendelea kuuza."

Alikuwa akijishtaki mwenyewe, si mimi, na hilo lilikuwa gumu zaidi kulisikia. Miaka sita mwanamke huyu ameuza omena chini ya ukuta wangu, na sikuwahi kununua hata mkebe mmoja. Zangu nilizinunua supamaketi, zimefungwa kwenye plastiki.

"Basi nichore sasa," nikamwambia.

Akaitazama ile nafasi, akatikisa kichwa. "Wewe nyar Taita," akasema, yaani binti wa Taita, hivyo ndivyo wanavyomwita mwanamke kwa jina la kwao, na hakuna aliyewahi kuniita hivyo. "Si ulituambia sheria ni yetu? Bado hatujaingia."

Ramani iliondoka vile ilivyokuwa. Niliibeba hadi ofisini na kuanza kuihamishia kwenye kompyuta, nyumba kwa nyumba, mstari kwa mstari. Ile mistari mitano ya fundi viatu ilinichukua muda kuipatanisha. Nilipofika kati ya mashine ya unga na mtaro mkono wangu ulisimama. Kwenye kompyuta nyumba ni nukta, na nukta ni kubofya mara moja. Hakuna ambaye angejua, na nina hakika hata wao wasingenilaumu. Lakini nimewarudishia wanafunzi karatasi zao kwa makosa madogo kuliko hilo. Nikaruka.

Nilichoweza kufanya ni geti. Nilikitoa kibao cha Mbwa Mkali kwa bisibisi na kuliacha geti wazi kuanzia asubuhi. Nikaweka viti viwili barazani. Siku ya kwanza wapita njia walichungulia, wakanisalimia, wakaendelea na safari zao. Siku ya pili aliingia mbuzi, akala sukuma wiki yangu yote, na sikuwa na moyo wa kumfukuza upesi. Mama wa omena hakuwapo ukutani. Nilisikia wana msiba upande wa mume wake, amekwenda mashambani. Niliwaza kwamba nimechelewa, kwamba watu wana shughuli zao na hawakai wakimngojea mtu aliyejifungia miaka sita aamue kufungua. Niliwaza hivyo bila uchungu mwingi. Ilikuwa haki.

Siku ya tatu, mchana, mhudumu wa afya akaingia na begi lake. Alibisha ingawa geti lilikuwa wazi, na alingoja nimkaribishe ndani. Alikaa, akanywa maji, akatazama huku na huku bila kuficha kwamba anatazama. Akanifunga mkanda wa mashine mkononi. Nambari zilipotoka hazikuwa nzuri, na hakunidanganya. Akaniuliza dawa ninazokunywa, akaziomba, akavihesabu vidonge vyake mezani, akaniambia nimeruka siku nne. Nilikuwa nimeziruka.

Halafu akatoa fomu. Aliijaza polepole kwa herufi kubwa, umri, maradhi, idadi ya watu nyumbani. Hapo kwenye watu aliandika moja bila kuniuliza. Karibu na mwisho kuna mstari mmoja: mtu wa kuitwa.

"Nimpigie nani ikiwa mbaya?" akasema.

Nikamtajia nambari ya binti yangu. Aliandika tarakimu mbili akasimama.

"Hii si ya Kenya."

"Ni ya Kanada."

"Huyu nikimpigia, atafika lini?"

"Akipata tiketi upesi, labda siku ya tatu."

Akazikata zile tarakimu mbili kwa mstari ulionyooka, akangoja. Nikamtaja mwenye nyumba. Akasema mwenye nyumba anakaa Nairobi, yeye mwenyewe anamjua. Nikamtaja mkuu wa idara yangu, naye akaniuliza kama mkuu wa idara anajua geti langu ni la rangi gani. Hakuwa akinidhihaki. Alikuwa akifanya kazi yake, kama nilivyokuwa nikiifanya yangu kwa miaka yote ile kwenye nyumba za watu wengine, daftari mkononi, nikingoja jibu. Mimi majina yalikuwa yameniishia.

Akainama, akaandika nambari kutoka kichwani mwake, tarakimu kumi, bila kutazama simu.

"Hiyo ni ya nani?" nikauliza.

"Ya mama wa omena."

"Lakini hujamuuliza kama atakubali."

Akaifunika kalamu, akaikunja fomu. "Nimuulize nini tena, Daktari?" akasema. "Si ni yeye alisikia ukianguka."

Nikamwomba anisomee ile nambari niiweke kwenye simu yangu. Alinisomea mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza nilikuwa nalia na sikuona mahali pa kubonyeza.